Siku ya Tatu Bwenini

Upande wa kusini wa Paris, mahali ambapo hadi baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia palikuwa na ngome ya kuulinda mji, kuna eneo la hekta 34 lenye miti, viwanja vya michezo na nyumba zaidi ya 40 zisizofanana hata kidogo. Nyumba ya Uswisi ni boksi la saruji na vioo lililoinuliwa juu ya nguzo, kazi ya msanifu Le Corbusier. Ya Brazili aliichora yeye pamoja na Lucio Costa. Ya Moroko, ya Japani, ya Kambodia na ya Ugiriki kila moja imejitahidi kuonyesha sura ya kwao. Hii ndiyo Cité internationale universitaire, mji mdogo wa wanafunzi ambao nyumba yake ya kwanza ilifunguliwa mwaka 1925. Wazo lilikuwa la André Honnorat, aliyepata kuwa waziri wa elimu, na fedha za kuanzia zilitoka kwa Émile Deutsch de la Meurthe, tajiri wa mafuta. Ufaransa ilikuwa imezika vijana wake zaidi ya milioni moja, na waanzilishi hao waliamini kwamba vijana wa mataifa waliolala chini ya paa moja hawatakubali tena kupigana. Haikuchukua hata miaka kumi na mitano, vita vingine vikazuka, na mji huo wa amani ukatwaliwa na jeshi la Wajerumani lililoikalia Paris. Anayetaka kucheka na acheke, ila akumbuke kwamba Cité haikufa. Kila mwaka hupokea wakazi wapatao 12,000 kutoka mataifa zaidi ya 140, na mabweni ya mfano huo yameenea dunia nzima, yakiwamo yale wanayofikia vijana wetu wanaokwenda kusoma Ulaya, Marekani, China, India na Urusi.

Vita hakuna bweni lililowahi kuvizuia, kwa hiyo tuviweke kando. Swali la maana zaidi ni dogo na la kila siku: kijana wa Iringa akipangiwa ghorofa moja na Mkorea, Mkolombia, Mturuki na Mjerumani kwa mwaka mzima, anatoka humo akiwa amepata nini? Vipeperushi vya vyuo hujibu kwa picha ya vijana wa rangi zote wakicheka juu ya nyasi. Wanafunzi wenyewe mara nyingi hujibu tofauti: kwamba kila kundi lilikaa na watu wake, kwamba jiko lilikuwa chafu, kwamba jirani alipiga simu kwao saa nane za usiku akipaza sauti kama anayeita mtu ng'ambo ya mto. Majibu yote mawili yana ukweli, na hakuna hata moja linaloeleza kwa nini baadhi ya mabweni hubadilisha watu na mengine hayawabadilishi. Ninavyoona, tofauti haiko katika wema wa wakazi wala wingi wa bendera ukumbini. Iko katika mpangilio: nani amewekwa karibu na nani, wanashirikiana kitu gani ambacho hakuna anayeweza kukikwepa, na kama kila mmoja wao ana hadhi sawa na mwenzake mbele ya uongozi wa nyumba.

Tuanze na ukaribu wenyewe, maana watu huudharau. Mwishoni mwa miaka ya 1940 watafiti watatu, Leon Festinger, Stanley Schachter na Kurt Back, waliwachunguza wakazi wa Westgate, nyumba za wanafunzi wenye familia wa chuo cha MIT huko Marekani. Wakazi hao hawakuchagua nyumba. Kila aliyefika alipewa iliyokuwa wazi. Watafiti walitaka kujua urafiki unazaliwaje, na jibu walilochapisha mwaka 1950 liliwafedhehesha wote wanaoamini kwamba marafiki tunawachagua. Watu walifanya urafiki na jirani wa mlango wa pili kuliko wa mlango wa tatu, na wa mlango wa tatu kuliko wa mwisho wa ujia. Waliokaa karibu na ngazi au visanduku vya barua walifahamiana na watu wengi zaidi, kwa sababu tu kila mtu alilazimika kupita pale. Mita chache zilifanya kazi ambayo tungedhani hufanywa na tabia, dini au tunavyopenda kujiburudisha. Kwa bweni la mataifa hili ni jambo zito. Uongozi ukiwapanga Wachina wote ghorofa ya tatu na Waafrika wote ghorofa ya kwanza, hata kama kwa nia njema ya kuwaliwaza, umekwisha kuamua nani atamjua nani kabla masanduku hayajafunguliwa.

Ukaribu, hata hivyo, huzaa ugomvi kwa urahisi uleule unaozaa urafiki, na hapa ndipo utafiti unapovutia. Mwaka 2008 Natalie Shook na Russell Fazio walichapisha matokeo ya uchunguzi wa wanafunzi Wazungu wa mwaka wa kwanza katika chuo kimoja cha Marekani, waliopangiwa wenzao wa chumba kwa bahati nasibu: baadhi wakapata Mzungu mwenzao, wengine Mmarekani Mweusi. Waliochanganywa walisema wameridhika kidogo na mwenzao na walikuwa pamoja kwa muda mfupi zaidi. Mtu wa kawaida angefunga daftari hapo na kusema jaribio limeshindwa. Lakini walipopimwa tena baada ya muhula, chuki yao ya chinichini dhidi ya Weusi ilikuwa imepungua, na wasiwasi wao wa kukaa na watu wa rangi nyingine pia, wakati wale waliokaa na Wazungu wenzao walibaki walivyokuwa. Maana yake ni kwamba watu hawahitaji kupendana ili mchanganyiko uwafae. Mtu anaweza kulalamika mwaka mzima kuhusu mwenzake wa chumba, na katika kulalamika huko akawa ameacha kumwona kama mfano wa kabila au taifa na kuanza kumwona kama mtu mmoja mwenye tabia zake za kuudhi.

Bara letu nalo lina ushahidi wake. Katika Chuo Kikuu cha Cape Town, ambako historia ya ubaguzi bado imelala chini ya kila mazungumzo, Lucia Corno, Eliana La Ferrara na Justine Burns walifuatilia wanafunzi waliogawiwa vyumba bila kuchagua wenzao. Wanafunzi Wazungu waliokaa na mwenzao asiye wa rangi yao walipunguza dhana mbaya walizokuwa nazo juu ya Weusi, na urafiki wa kuvuka rangi uliongezeka. Jambo ambalo wengi hawakulitarajia ni la darasani: wanafunzi Weusi waliokaa vyumba vilivyochanganywa walipata alama za juu zaidi, walifaulu mitihani mingi zaidi, na wachache wao waliacha chuo. Wala haikuwa kwa sababu walipangiwa mwenzao mwenye akili kuliko wengine. Watafiti waliliangalia hilo na kuliondoa. Sababu ninayoiona mimi ni ya kawaida sana. Chuo kina siri zake ndogondogo, kama profesa yupi anajibu akifuatwa ofisini, fomu gani ina tarehe ya mwisho, mitihani ya zamani inapatikana wapi, na siri hizo hupita chumbani usiku na haziandikwi kwenye ubao wa matangazo.

Mwanasaikolojia Gordon Allport aliyaona haya mapema. Katika kitabu chake cha mwaka 1954 alisema kukutana tu hakutoshi kupunguza chuki, na akataja mambo manne yanayohitajika: watu wawe na hadhi sawa pale wanapokutana, wawe na lengo moja, washirikiane kulifikia, na wenye mamlaka wauunge mkono mkutano huo. Mwaka 2006 Thomas Pettigrew na Linda Tropp walikusanya tafiti 515 kuhusu suala hili, na kwa sehemu kubwa kukutana kulipunguza chuki, zaidi pale masharti hayo yalipokuwapo. Waswahili wana methali inayobeba sharti la kwanza kuliko kitabu chochote: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Watu huitumia kumsuta mgeni mvivu, ilhali ina upande wa pili wenye heshima kubwa kwa mgeni. Anayepewa jembe amekuwa mwenyeji. Anaweza kusifiwa kwa kulima na kulaumiwa kwa kutolima. Asiyepewa atabaki akikarimiwa, akitabasamiwa na akisemwa pembeni.

Jembe la bwenini liko jikoni. Katika hosteli nyingi za Sweden na Ujerumani wakazi kati ya watano na kumi na wawili hushiriki jiko moja, kila mmoja na rafu yake ya friji, kabati lake na zamu yake katika ratiba ya usafi iliyobandikwa ukutani. Hapo ndipo mataifa hukutana kweli. Mwanafunzi wa Mwanza akikaanga dagaa, harufu hupanda ngazi mbili. Mkorea akifungua kopo la kimchi, ni zamu ya wengine kuvumilia. Mwislamu hataki sufuria iliyopikiwa nguruwe, Mhindi asiyekula nyama hataki kikaango kilichoguswa na ng'ombe, na Mwitalia haelewi kwa nini mtu anavunja tambi kabla ya kuzichemsha. Mwezi wa Ramadhani ukifika, kuna wanaoamka kupika daku saa kumi za alfajiri huku jirani ana mtihani saa mbili asubuhi. Bafuni kuna anayetawadha na kuacha sakafu imelowa, na anayeona maji sakafuni anadhani bomba limepasuka. Kila moja ya haya ni jambo dogo. Lakini halimalizwi kwa hotuba juu ya utamaduni. Linamalizwa kwa kununua sufuria ya pili, kukubaliana saa za kimya, kuweka kandambili na mfagio wa maji mlangoni. Watu waliofikia makubaliano kumi ya namna hiyo wamefanya siasa ya kweli, ingawa hakuna aliyeiita hivyo. Na kitu kimoja ninakiona kuwa kipimo bora kuliko yote: siku ambayo mwanafunzi anamwambia mwenzake wa taifa jingine, bila woga na bila adabu za kupitiliza, kwamba vyombo vyake vichafu vina siku tatu kwenye sinki. Mgeni haambiwi hivyo.

Kinyume chake kilionekana China, katika mji wa Nanjing, mwishoni mwa mwaka 1988. Wanafunzi wa Kiafrika walioletwa kwa ufadhili wa serikali waliwekwa katika majengo yao, mbali na Wachina. Vyumba vyao vilikuwa na nafasi kubwa na posho yao ilikuwa ya juu, wakati Wachina walibanana wengi katika chumba kimoja. Kwa serikali huo ulikuwa ukarimu kwa wageni kutoka nchi rafiki. Kwa wanafunzi Wachina ulikuwa upendeleo wa kila siku machoni pao, na kwa Waafrika kutengwa kulikuja na masharti: wageni waandikishwe getini, hasa wasichana wa Kichina. Tarehe 24 Desemba, katika Chuo Kikuu cha Hohai, mabishano getini kuhusu wasichana wawili waliokwenda na Waafrika kwenye dansi yaligeuka ugomvi, ugomvi ukageuka vurugu, na kwa siku kadhaa maelfu ya vijana waliandamana mjini wakipaza kauli za kibaguzi. Wanafunzi wengi wa Kiafrika walihamishwa kutoka mjini kwa usalama wao. Chuki ya rangi ilikuwapo tangu zamani na si bweni lililoizaa. Hata hivyo, ukitaka kubuni mpangilio wa kuilisha, hutapata ulio bora kuliko ule: watu wa kundi moja wawe wageni wa kudumu, na wa kundi jingine wawe watazamaji wa ukarimu usiowahusu. Hata leo vyuo vingi vya China huwaweka wageni katika majengo yao peke yao. Vijana wetu wanaosoma huko husifu usafi na usalama wa majengo hayo, na wana haki, ila wengi humaliza miaka minne wakiwajua Wachina kama walimu, wauza duka na walinzi wa getini.

Sharti la uongozi kuunga mkono mchanganyiko lina historia yake. Mjini New York, mwaka 1909, Harry Edmonds, mtumishi wa YMCA, alimsalimia mwanafunzi Mchina kwenye ngazi za maktaba ya Columbia, naye akamjibu kwamba alikuwa mjini kwa wiki tatu na hiyo ndiyo salamu ya kwanza aliyoipata. Edmonds alianza kwa kuwaalika wanafunzi wa kigeni kula nyumbani kwake, na mwaka 1924, kwa fedha za John D. Rockefeller mdogo, akafungua International House. Ya pili ilifuata Berkeley, California, mwaka 1930, na hapo mambo yalikuwa magumu. Wenye nyumba wengi mjini walikataa kupangisha watu wasio Wazungu. Mamia walikusanyika kupinga nyumba ambayo ingewalaza pamoja watu wa rangi zote, wanaume na wanawake katika jengo moja. Delilah Beasley, mwandishi Mweusi wa gazeti la Oakland Tribune, alisimama kuitetea. Edmonds naye alichagua kiwanja makusudi katika mtaa wa klabu za wanafunzi Wazungu zilizowafungia nje wageni na Weusi. Nyumba ile ingejengwa pembeni kimyakimya, pengine isingepingwa sana, na pengine isingebadilisha chochote.

Katika Cité ya Paris kuna kanuni inayofanya kazi hiyo ya kuchanganya watu kwa utaratibu. Nyumba ya nchi fulani hairuhusiwi kujaa raia wa nchi hiyo tu. Sehemu ya vyumba lazima wapewe wanafunzi wa mataifa mengine, na wa kwao wakalale katika nyumba za wenzao. Wakazi huiita brassage, yaani mchanganyo. Thamani yake inaonekana pale nyumba inapobaki mali ya siasa ya nyumbani. Mwaka 1972 serikali ya Shah ilijitoa katika nyumba ya Iran, ambayo ilikuwa imegeuka kituo cha wapinzani wake, na jengo likapewa jina la Avicenne. Mwaka uliofuata nyumba ya Kambodia ilifungwa baada ya mapigano ya makundi ya Wakambodia yaliyokuwa yakipigania nchi yao, na haikufunguliwa tena hadi 2003. Pale ambapo kila mlango unaficha upande mmoja wa ugomvi uleule, bweni huwa tawi la vita.

Pingamizi la kwanza dhidi ya mchanganyiko, na ninaloliheshimu zaidi, linasema: mwacheni mwanafunzi akae na watu wake. Yuko mbali na mama yake, baridi inamkata, lugha inamchosha kutwa nzima, na jioni anachohitaji ni sahani ya ugali na mtu wa kucheka naye kwa Kiswahili bila kutafuta maneno. Historia iko upande wa pingamizi hili. London ya miaka ya 1920 na 1930 wenye nyumba waliwafungia Waafrika milango, na chama cha wanafunzi wa Afrika Magharibi, WASU, kilichoundwa mwaka 1925 chini ya Ladipo Solanke, kilifungua hosteli yake mwaka 1933. Haikuwa anasa, ilikuwa kimbilio. Wizara ya Makoloni ilipofungua hosteli nyingine, Aggrey House, mwaka uliofuata, WASU waliisusa wakiamini ni mbinu ya kuwachunga. Kwa hiyo nakubali kwamba mtu anahitaji watu wake, na kwamba mchanganyiko unaoletwa na mwenye nguvu unaweza kuwa kamba shingoni. Ninachokataa ni kwamba kimbilio lazima liwe mahali pa kulala. Chama cha Watanzania au cha Waafrika Mashariki kinaweza kukutana kila Jumamosi, kikapika pilau, kikasherehekea Idi na Krismasi, na bado kila mmoja akarudi kwenye ujia wenye majirani wa mataifa sita. Anayelala na watu wake, akala nao na kusali nao hana njia ya kuwafikia wengine, hata akitaka. Anayelala na wengine hajapoteza njia ya kurudi kwa wake.

Tena neno hili, watu wake, halisimami mahali pamoja. Mwaka 1944 utawala wa Salazar ulianzisha mjini Lisbon Casa dos Estudantes do Império, nyumba ya wanafunzi kutoka makoloni yote ya Ureno, ikiwa na kantini, maktaba na baadaye jarida lake, Mensagem. Nia ilikuwa kuwaunganisha na himaya na kuwaweka mahali pamoja panapoonekana. Waliunganishwa kweli. Mwangola, Mmsumbiji, Mgine na mtu wa Cape Verde, ambao pengine wasingekutana maishani, waligundua mezani kwamba mateso yao yana mwenyewe mmoja. Humo walipita viongozi wa baadaye wa ukombozi, kama Amílcar Cabral, Agostinho Neto, Mário Pinto de Andrade na Marcelino dos Santos. Mwaka 1961 wanafunzi wengi walitoroka Ureno, Joaquim Chissano akiwa mmoja wao. Mwaka 1962 FRELIMO, chama cha ukombozi cha Msumbiji, iliundwa Dar es Salaam, dos Santos akiwa miongoni mwa waasisi. Mwaka 1965 polisi wa siri waliifunga nyumba ya Lisbon, na Oktoba mwaka huohuo vyama vya ukombozi vya makoloni ya Ureno vikafanya mkutano wao mkuu wa pamoja, si mahali pengine ila Dar es Salaam. Hadithi hii inawajibu pia wale wanaohofu kwamba uongozi utautumia mchanganyiko kuwatawala wanafunzi. Utajaribu. Lakini aliyewaweka watu kwenye meza moja hana tena amri juu ya watakachozungumza, mradi walioketi ni sawa kwa sawa.

Pingamizi la pili ni la gharama: mwanafunzi amekwenda kusoma, si kusuluhisha ugomvi wa friji. Matokeo ya Cape Town yanajibu sehemu ya hoja hiyo, kwani waliotarajiwa kuumizwa na mchanganyiko ndio waliofaulu zaidi. Sehemu nyingine siwezi kuijibu kwa takwimu. Kuna watu wasioweza kabisa kukaa pamoja, na nyumba inayokataa kuwahamisha kwa jina la udugu ni ya kikatili. Uhamisho uwepo, usiwe tu kwa sababu ya pasipoti ya jirani. Vilevile nisieleweke kwamba kila kitu kichanganywe. Msichana anayetaka bafu la wanawake pekee asiombwe maelezo, na sufuria ya mtu ni ya mtu.

Wengine husema mabweni haya ni visiwa vya wateule, watoto wa waliojiweza na wenye ufadhili, ambao wanajuana wao kwa wao na mtaa wa nje hauwajui. Kweli tupu, kwa kiasi fulani. Mkazi wa Cité anaweza kumaliza mwaka akiwa na marafiki wa mabara matano na asiwe na rafiki mmoja Mfaransa nje ya darasa. Dawa yake iko ndani ya hoja ileile: raia wa nchi mwenyeji wapangwe humo pia, tena kwa idadi inayoonekana, kama nyumba za New York na Berkeley zilivyofanya tangu mwanzo. Kisiwa huanza pale mwenyeji anapokuwa karani wa mapokezi tu.

Hatari kubwa zaidi siku hizi wala haitoki kwa wabaguzi. Inatoka sokoni. Kampuni zinazojenga makazi ya wanafunzi katika miji ya Ulaya zimegundua kwamba mzazi yuko tayari kulipa zaidi ili mwanawe apate studio yenye bafu na jiko lake, na uongozi unafurahi kwa kuwa malalamiko yanapungua. Yanapungua kweli, maana hakuna tena wa kulalamikiwa. Jengo kama hilo linaweza kuwa na mataifa 60 na lisiwe na mazungumzo yoyote nje ya lifti. Ukumbi wa pamoja wenye viti vya rangi na mashine ya kahawa hauzibi pengo hilo, kwa sababu ukumbini mtu huenda akipenda. Jikoni huenda akiwa na njaa.

Kwetu hili si jambo la kigeni. Kati ya 1963 na 1970, chini ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, aliyetaka sheria alikwenda Dar es Salaam, aliyetaka udaktari Makerere, aliyetaka uhandisi Nairobi, na mabweni ya nchi tatu yakachanganyika kwa sababu ya masomo yenyewe. Yoweri Museveni alisoma Mlimani, Dar es Salaam, miaka hiyo, na katika kundi la vijana wanamapinduzi aliloliongoza, USARF, walikuwamo wanafunzi wa nchi mbalimbali za kanda. Chuo kilipogawanyika mwaka 1970 kila nchi ilichukua jengo lake na wanafunzi wake. Leo Jumuiya ya Afrika Mashariki inatoa ufadhili ili Mrundi asome Kenya na Mganda asome Tanzania, na mijadala ya ada na vyeti ni mingi. Suala la wapi watalala hubaki kwa afisa wa malazi, ambaye mara nyingi huwatafutia wageni jengo moja zuri, lenye maji ya uhakika na mlinzi, huku wenyeji wakibebana wawili kitanda kimoja katika majengo mengine. Ni ukarimu uleule wa Nanjing. Majengo yetu yana kasoro nyingine: mengi yalijengwa yakitegemea kantini, kantini zikazidiwa au zikapanda bei, na kupika vyumbani ni marufuku, kwa hiyo wanafunzi hupika kwa koili nyuma ya mlango uliofungwa, kila mmoja na chungu chake, wakiogopa kukaguliwa. Jiko moja halali kwa kila ghorofa, lenye waya salama, rafu zilizoandikwa majina na ratiba ya zamu isiyoangalia nani katoka wapi, lingekuwa rahisi kulijenga kuliko ukumbi wa mikutano. Na fomu ya kuomba chumba ingeweza kuwa na kipengele cha uraia kwa kazi tofauti na ya sasa: kuhakikisha hakuna ujia unaojaa watu wa nchi moja.